Nanga haishiki, kamba inalika, mnyororo unapiga kutu: angalia imeharibika wapi utajua chanzo

Huku Dodoma ukianza kuongelea nanga watu wanadhani unaongelea mambo ya Tanga au Kilwa, ila shuka na barabara ya Iringa mpaka bwawa la Mtera utakuta mitumbwi na boti za faiba kibao, na kila chombo kina kamba yake na kipande cha mnyororo au jiwe, na ukizishika hizo kamba nyingi ziko hali mbaya. Sababu kubwa ni ile imani kwamba maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwahiyo vifaa havihitaji matunzo. Kweli chumvi hatuna (ukiacha maziwa kama Singidani kule Singida, nitaligusa mbele), lakini tuna jua kali karibu mwaka mzima, tuna tope linaloletwa na mito ya Ruaha Mkuu na Kizigo, na tuna visiki, kwasababu bwawa lilifunika pori na miti mingine mpaka leo imesimama mikavu ndani ya maji. Hivyo vitatu vinaua kamba na mnyororo hata bila chumvi.

Sasa kitu ninachotaka kila mwenye chombo akishike ni hiki: kabla hujakimbilia sokoni kununua kamba nyingine, inyooshe ile ya zamani yote chini kuanzia upande wa boti mpaka kwenye nanga alafu angalia imeharibika wapi. Uharibifu wa mita ya kwanza karibu na boti una chanzo chake, wa katikati una chake, na wa pale kamba inapokutana na mnyororo una chanzo kingine kabisa. Ukinunua mpya bila kulijua hilo, ile mpya nayo itakufia palepale ilipofia ya kwanza na hela yako imeenda.

Nanga haishiki, boti inaondoka nayo

Hili ndo nasikia watu wanalia nalo kuliko yote, na wengi wanailaumu nanga, eti nyepesi, wanaipeleka kwa fundi iongezewe chuma. Mara nyingi nanga haina shida yoyote, kamba ndo fupi. Nanga inashika ikivutwa kwa ulalo, ukiivuta kwenda juu unaing'oa, na ndivyo tunavyofanya wenyewe tukitaka kuondoka. Kwahiyo kamba lazima iwe ndefu kuliko kina mara kadhaa. Kwa boti ndogo hesabu inayotumika ni mara 5 ya kina hali ikiwa ya kawaida, na mara 7 kama kuna upepo au unalala hapo usiku. Na hicho kina kipime kuanzia pale kamba inapotokea mbele ya boti mpaka chini kabisa, usianzie kwenye uso wa maji. Mfano maji yana mita 6, mbele ya boti iko nusu mita juu ya maji, jumla 6.5, mara 5 inakuja kama mita 33, mara 7 kama mita 46. Mtu ana kamba ya mita 15 alafu anashangaa boti imehama.

Mtera kuna jambo la ziada. Baharini maji yanapwa na kujaa kila siku, letu sisi ni la msimu. Lile bwawa linafanya kazi kati ya mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, yaani kutoka kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo mpaka kujaa kabisa kuna tofauti ya mita 8.5. Tuseme una mahali pako ulipozoea, mwezi wa kumi na moja kina ni mita 3, kamba yako ya mita 20 inakupa karibu mara 6, safi kabisa. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili na kuendelea mpaka wa nne, maji yakapanda mita 5, kamba ileile mahali palepale sasa inakupa mara 2 na kidogo tu, nanga inaanza kutembea na wewe unasema imeharibika. Hamna kilichoharibika, kina ndo kimebadilika. Funga kamba yako alama kila mita 5, uzi wa rangi uliopitishwa kati ya nyuzi unatosha, alafu pima kina kwa kamba nyembamba yenye kipande cha chuma mwishoni kila unapotia nanga. Ni kazi ya dakika moja.

Kama urefu uko sawa na bado haishiki, angalia mnyororo. Kamba peke yake ni nyepesi, boti ikivuta inanyanyua shina la nanga juu, ila mnyororo unalilaza chini ili meno yachimbe. Kwa boti ya mita 5 mpaka 7 mnyororo wa milimita 6 wenye urefu angalau sawa na urefu wa boti, ukiungwa na kamba ya nailoni ya milimita 10, ni mchanganyiko mzuri. Najua watu wanauona mnyororo kama gharama ya bure kwasababu unaingia majini hauonekani, lakini ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwaka huu nunua huo kabla ya nanga kubwa.

Kinachofuata ni aina ya nanga na sakafu ya pale ulipo. Hizi za kuchomelea kwa nondo zenye meno manne zinashika mawe na visiki vizuri sana ila kwenye tope laini zinapita tu zinachora mistari. Kwenye tope na mchanga unataka nanga yenye mabamba mapana mawili yanayokunjuka, wanaita Danforth. Jiwe lililofungwa kamba linafaa mtumbwi siku maji yametulia, basi, kwasababu jiwe halichimbi linategemea uzito wake tu, na likiwa majini uzito wake wenyewe unapungua, mawe ya kawaida yanapoteza zaidi ya theluthi moja.

Na kuna namna ya kuitia. Wengi wanairusha na kamba yote kwa pamoja, kamba na mnyororo vinaangukia juu ya nanga vinajizungusha kwenye meno, hapo hata iwe nanga ya meli haishiki. Ishushe taratibu mpaka iguse chini, acha boti irudi nyuma na upepo huku unaachia kamba kidogo kidogo, ikifika urefu unaoutaka funga alafu vuta kwa nguvu au rudisha injini nyuma polepole uone kama inakaza. Weka mkono juu ya kamba: ikitetemeka na kuruka ruka, nanga inaburutika huko chini, ikiwa imekaza na imetulia, imeshika. Alafu tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mti na kilima kwa nyuma, ukiona vinaachana boti inatembea. Mwezi wa sita mpaka wa kumi ule upepo wa kiangazi unaweza kubadilika ghafla mchana, kwahiyo endelea kuvitazama hivyo vitu viwili hata kama mwanzo ilishika.

Ukiipandisha ukakuta imejaa majani au donge la tope, isafishe kabla ya kuirudisha.

Kamba imeota manyoya na inaacha unga mkononi

Hili ni jua. Kwanza jua una kamba gani, kata kipande kidogo tumbukiza kwenye beseni la maji. Ikielea ni polipropilini au jamaa zake, zile kamba za bluu, kijani au njano ambazo ndo zimejaa madukani kwasababu ni rahisi. Ikizama ni nailoni au poliesta. Polipropilini ya kawaida ndo inayokufa haraka zaidi kwa jua, nyuzi za nje zinakuwa kavu zinavunjika zinakuwa unga, na hapa kwetu mawingu ni machache sana kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja. Ina shida nyingine pia, inaelea, kwahiyo ikilegea inabaki juu juu ya maji na propela ya jirani yako au ya kwako mwenyewe inaizoa.

Kwa kamba ya nanga nailoni inaishinda mbali. Inazama, ina nguvu, na kubwa zaidi inavutika: wimbi likipiga boti kamba inarefuka kidogo inameza ule mshtuko badala ya kuupeleka kwenye nanga. Poliesta nayo ni kali na inavumilia jua vizuri ila haivutiki sana, hiyo iache kwa kazi nyingine kama una uchaguzi.

Nailoni nayo inaota manyoya, lakini manyoya mafupi yaliyosambaa sawasawa ni kawaida na hata yanakinga nyuzi za ndani kidogo. Usiishie nje. Kwenye kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, ishike kwa mikono miwili uisokotoe kinyume mpaka nyuzi zifunguke uone katikati. Ndani kukiwa kweupe na kunang'aa kamba ni nzima. Ukikuta vumbi, nyuzi zimekatika katika, au rangi imekuwa ya tope mpaka kwenye moyo, hiyo kamba ni nguzo iliyoliwa na mchwa, nje imesimama ndani hamna kitu. Fanya hivyo kila baada ya mita mbili tatu usiangalie sehemu moja tu.

Imelika sehemu moja, kwingine nzima

Hapa ndo ile kanuni ya kuangalia wapi inakulipa.

Imelika kwenye mita ya kwanza kutoka kwenye boti: kamba inasuguana na ukingo wa mbele. Pitisha kidole pale inapopita, kwenye faiba utakuta ufa au ukingo mkali, kwenye mbao utakuta kichwa cha msumari au bati, na kama kuna rola angalia kama inazunguka au imekwama kwa kutu, rola iliyokwama inasaga kamba kuliko hata ukingo wa mbao laini. Piga msasa, toa msumari, legeza rola kwa grisi. Alafu ivalishe kamba pale inapopita kipande cha turubai au ngozi ukishone kisitembee. Watu wanatumia mpira wa maji wa bustani, unafaa kwa siku ya kawaida, ila upepo ukiwa mkali kamba inavutika na kurudi ndani ya mpira muda wote inapata joto na mpira haupitishi maji ya kuipoza, turubai ni bora. Na usiku ukilala hapo, kila baada ya muda achia kamba kama nusu mita ili pointi inayosuguliwa ibadilike.

Imelika katikati, tena kwa upande mmoja: kisiki au jiwe chini ya maji. Kamba imezungukwa na boti usiku kucha, upepo ukigeuka inajizungusha kwenye mti. Dawa yake ni kuhama, hakuna kamba itakayovumilia hapo. Kiangazi maji yakishuka na miti kuchomoza zunguka kwa mtumbwi uangalie visiki viko wapi, uvikariri kwa alama za nchi kavu, ikija masika utajua pa kukwepa. Na ukiongeza mnyororo mita chache ile sehemu inayolala chini kabisa inakuwa chuma badala ya kamba.

Imelika pale inapofungwa na mnyororo au pete ya nanga: kamba imefungwa moja kwa moja kwenye chuma, inapinda kona kali na kila wimbi linasaga. Mara nyingi hapo utakuta pia rangi ya kutu imeingia kwenye nyuzi na pamekuwa pagumu, kutu inazikwangua nyuzi kwa ndani. Kata hiyo sehemu yote mpaka ufike kamba safi, hata kama ni mita nzima, usiionee huruma. Alafu suka tanzi jipya ndani yake ukiweka kile chuma chenye mfereji cha umbo la tone ambacho kamba inakaa juu yake bila kugusa mnyororo. Kusuka nyuzi za kamba yenyewe kurudi ndani yake kunabakiza karibu nguvu yote, ila fundo la kawaida linaweza kula mpaka karibu nusu ya nguvu ya kamba. Ukisuka nailoni pitisha kila uzi angalau mara tano, kwasababu inateleza, ile mara tatu ya kamba za katani haitoshi. Kama kusuka bado hujaweza, tumia fundo hili: zungusha kamba kwenye pete mara mbili, pitisha ncha ndani ya ile mizunguko yote miwili, kaza, malizia na nusu fundo mbili, na ncha uifunge kwa uzi kwenye kamba kubwa isijichomoe.

Kitu kinachosaidia mno na hakina gharama: kila mwaka igeuze kamba, upande uliokuwa kwenye boti uende kwenye nanga. Inasambaza uchakavu.

Kuna mahali kamba inakuwa nyembamba ghafla kuliko kwingine, au ina doa gumu linalong'aa. Nyembamba maana yake iliwahi kuzidiwa nguvu na moyo wake umekatika. Doa la kung'aa imeungua kwa msuguano, kawaida iliachiwa kwa kasi ikiwa imezungushwa kwenye nguzo, na polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 165 tu kwahiyo haihitaji mengi. Vyote viwili ni kukata hapo, hamna matibabu.

Kamba imekakamaa

Tope. Chembe za mchanga mwembamba zinaingia katikati ya nyuzi na kila kamba inapovutika zinakata kutoka ndani. Loweka kwenye pipa la maji safi ya kawaida usiku mzima, ikamue, badilisha maji mpaka yatoke masafi, unaweza kuweka sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Usitumie maji ya moto, nailoni inasinyaa, na usitumie dawa za klorini za kung'arishia nguo. Usiipige na ile mashine ya kuoshea magari kwasababu presha inausukuma mchanga uingie ndani zaidi. Anika kivulini, kwa hewa yetu hii kavu ya Dodoma itakauka bila hata kuiona jua.

Kama baada ya kuosha bado imekakamaa na haipindi vizuri kwenye kiganja, muda wake umeisha, ifanye ya kufungia mizigo.

Inajinyonga, inatoa vifundo yenyewe

Kamba ya nyuzi tatu ina upande wake wa kusokotwa. Nyingi zimesokotwa kulia na zinatakiwa kukunjwa kufuata mshale wa saa. Ukizikunja kinyume kila siku unaongeza msokoto mpaka uzi mmoja unachomoza unafanya kipete. Hicho kipete ukikivuta kwa nguvu kikanyooka usifurahi, pale pameshadhoofika. Dawa ni kuondoa nanga na mnyororo, funga upande mmoja kwenye boti, iachie yote majini ukitembea taratibu mahali pa wazi, itajisokotoa yenyewe. Boti inayozunguka sana kwenye nanga inaisokota pia. Na badala ya kukunja duara, iangushie tu kwenye kreti la plastiki lenye matundu bila kuizungusha, itatoka bila fundo na maji yatachuruzika.

Mnyororo: unga mweupe, kutu ya kahawia, pete zilizoshikana

Mnyororo unaofaa ni uliochovywa kwenye zinki ya moto. Zinki inaliwa kwanza ili chuma kisiliwe, hiyo ndo kazi yake, kwahiyo kuisha itaisha, swali ni baada ya muda gani.

Unga mweupe juu ya mnyororo ambao bado mpya: umehifadhiwa umelowa na hauna hewa, rundo moja chini ya boti au kwenye ndoo iliyofunikwa. Zinki inaoza kabla hata haijafanya kazi. Oshea maji, piga brashi ya nailoni, ning'iniza ukauke.

Kahawia pale pete zinapogusana tu: zinki imesuguliwa, kawaida kwa mnyororo uliotumika, hasa zile pete za mwisho karibu na nanga ambazo zinakokotwa chini. Geuza mnyororo kama ulivyogeuza kamba, utapata muda mwingine.

Kahawia kote na inabanduka magamba: sasa pima. Chukua kalipa pima unene wa pete pale inapogusana na mwenzake, ndo panapoisha kwanza. Mnyororo wa milimita 6 ukifika 5.4 umepoteza asilimia 10, utoe kazini. Wa milimita 8 mwisho wake ni 7.2. Usipime kwenye ubavu wa pete ukaridhika, ubavu haulikagi. Pia chukua pete 10 za pale mwisho pima urefu wake, linganisha na pete 10 za upande ambao haujafanya kazi, zikiwa ndefu zimevutika na chuma kimeshachoka.

Kupaka rangi mnyororo ni kupoteza rangi, itabanduka safari ya kwanza na inaficha kutu. Kama pete bado ni nene lakini zinki imeisha, unaweza kuupeleka kuchovywa upya kwenye kiwanda chenye tangi la zinki, ile zinki inakuwa na joto la kama nyuzi 450, hiyo haifanyiki kwa fundi wa mtaani. Na usimpe fundi achomelee pete iliyokatika. Moto unaondoa zinki, na moshi wa zinki ikiungua unamfanya mtu apate homa na kifua kubana, mafundi wengi wanaufahamu. Kata kipande kibovu utoe.

Pete zilizoshikana hazichezi ni tope lililokauka na kutu kwa pamoja, loweka, gonga kwa nyundo ya mbao, zikikataa kupinda kata hapo.

Watu wa Singida sasa. Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi na magadi, huko zinki inaisha haraka zaidi kuliko Mtera na kila ukitoka lazima mnyororo na nanga vimwagiwe maji baridi. Na kuwe na chuma cha aina moja. Ukiunga kipande cha stenlesi na mnyororo wa zinki kwenye maji ya chumvi, ile zinki inaliwa kwa kasi pale vinapogusana. Mtera haionekani haraka ila inatokea.

Nanga imebaki chini, kamba imerudi peke yake

Mara nyingi kamba ni nzima na mnyororo ni mzima, kilichofunguka ni kile chuma cha U chenye pini ya skrubu kinachounganisha. Pini inajifungua yenyewe kwa mtikisiko. Paka grisi kwenye nyuzi za skrubu, kaza kwa spana, alafu pitisha waya wa zinki kwenye tundu la pini uufunge kwenye mwili wa chuma, mizunguko miwili na kusokota. Zile tai za plastiki jua linazivunja, usizitegemee. Na usinunue kile chuma chepesi kisicho na maandishi, chenye ubora kimechapwa uzito kinachobeba, na kiwe kinene kuliko pete ya mnyororo kwa hatua moja kama kinaingia.

Pini ikigoma kufunguka tumia mafuta ya kulegeza, subiri, gonga pembeni. Usiichome moto, kwa sababu ileile ya zinki.

Nanga imenasa haitoki

Mtera hili ni la kila wiki kwa wengine. Kwanza kabisa: usizame kuifuata. Kuna mamba na viboko kwenye lile bwawa, maji yana tope huoni mkono wako, na kuna matawi na nyavu zilizotelekezwa huko chini. Nanga inanunulika.

Pili, usifunge kamba nyuma ya boti ukavuta na injini. Nyuma ni chini na pana uzito wa injini, kamba ikikaza inaivuta nyuma chini, wimbi moja linaingia na boti inajaa kabla hujapata kisu. Kila kitu kinafanyika kutokea mbele.

Sogea mpaka uwe juu yake kabisa, kamba iwe wima, funga fupi, acha mawimbi yainyanyue boti yafanye kazi. Haikutoka, achia kamba ndefu zunguka polepole uende upande wa pili uvute kinyume na ulivyoitia, kwasababu meno yameingia kwa upande mmoja. Usizungushe kamba mkononi wala kiunoni hata mara moja. Ikishindikana kata, lakini funga dumu tupu lililofungwa vizuri kwenye ncha ya kamba, maji yakishuka unaweza kuirudia.

Ila kwa mahali penye visiki tujipange kabla. Mnyororo usiufunge kwenye pete ya juu ya nanga, ufunge kwa chuma cha U kwenye kitako chake, kule meno yanakotokea, alafu uulaze kando ya shina mpaka juu na pale juu uufunge kwenye pete kwa uzi mwembamba tu, mizunguko michache. Nanga inavutwa kawaida kupitia ule uzi, ikinasa unavuta kwa nguvu, uzi unakatika na sasa unaivuta kutokea kitakoni, inatoka kinyumenyume. Hasara yake ni kwamba upepo mkali ukija uzi unaweza kukatika wakati hutaki, kwahiyo hii ni ya kuvulia mchana ukiwa macho. Usiku tumia kamba ya pili nyembamba kutoka kitakoni mpaka kwenye kiboya kidogo juu, urefu wake uzidi kina kidogo, na kuivuta hiyo ndo unaing'oa.

Kamba imeisha yote imezama

Ncha ya upande wa boti haikufungwa. Ifunge ndani kwenye mbao au pete imara kwa kipande cha kamba nyembamba chenye urefu wa kutosha kutokea nje mbele ya boti, ili ukihitaji kuondoka haraka ukate hicho kipande kwa kisu badala ya kuhangaika na fundo lililokaza.

Imekatika ikiwa imewekwa tu, haijatumika

Hii inachanganya watu. Kama kuna betri ya taa ndani ya boti angalia hapo kwanza, asidi ya betri inaiozesha nailoni, tone moja tu linatosha kuua sehemu yake na hutaona mpaka iwe na mzigo, ukibonyeza inavunjika. Petroli na dizeli zinailainisha polipropilini. Na kama ulikuwa unaiweka stoo nyumbani ikiwa na harufu ya samaki, panya. Osha, kausha, itundike kwenye msumari mrefu au waya mbali na ukuta, mbali na betri na madumu ya mafuta, na usiitundike dirishani jua linapoingia.